Mama Orodha na Abiria wa Sitini

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, elimu yake iliishia darasa la saba, basi mtamvumilia pale ulimi utakapokwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la chumvi, akiwa kifungua mimba, akafuatiwa na huyu mdogo wake, ambaye tangu utotoni alizoea kulia akapewa, na hilo hakatai.

Alisoma hapa kisiwani kuanzia 1969 hadi 1975, akajifunza kupiga chapa, na tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa gatini kuwa karani wa orodha ya abiria, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane bila kumruhusu hata mkuu wa gati apande boti kabla jina lake halijaandikwa, ndiyo maana mlimwita Mama Orodha, naye akiitika kwa kununa kidogo na kufurahi zaidi.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na fundi majokofu, mtu wa maneno mengi na saa isiyokwenda, aliyechelewa nusu saa kwenye harusi yake mwenyewe kwa sababu jokofu la mtu lilikuwa linavuja, na bibi harusi akamwambia mbele ya wazee kwamba hata jeneza litakuja kumngoja. Mungu akawajalia binti mmoja, mwaka 1989, ambaye leo ni mwalimu.

Ule ugonjwa wa virusi ulipoenea, serikali ya kisiwa iliamua kufunga gati, na boti ya mwisho kutoka ng'ambo ikapangwa tarehe 21 Machi 2020, viti sitini tu. Fundi alikuwa huko akitafuta kifaa cha jokofu la dawa la hospitali, na marehemu, akiipokea orodha kwa simu, aliandika jina la mumewe kwa mkono wake, la sitini. Boti ilipofika alihesabu vichwa sitini, lakini wa mwisho kushuka alikuwa mdogo wake, ambaye naye alikuwa amekwama huko ng'ambo, aliyemwambia kwamba shemeji amechelewa na kiti kilibaki wazi.

Kwa miezi kumi na mmoja kisiwa hakikuwa na mgonjwa hata mmoja, ila karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekosekana mezani. Kila asubuhi marehemu alifungua dirisha lake gatini, akaandika tarehe, na chini yake, hakuna abiria, kisha akampigia mumewe simu na kumsuta kwamba mwanamume gani anashindwa kuwahi walau siku moja maishani, naye fundi akicheka, akiomba radhi kwa niaba ya saa yake, akiuliza kama chai yake bado inamiminwa, akajibiwa kwamba inamiminwa, na inapoa.

Fundi alifariki huko ng'ambo tarehe 17 Novemba 2020, kwa ugonjwa huohuo, akazikwa na watu sita wasiomjua, mkewe akisikiliza udongo kwa simu.

Gati lilifunguliwa tarehe 22 Februari 2021, ugonjwa ukaingia na boti ya tatu, marehemu akaugua, akapona, lakini pumzi haikurudi yote, hadi alipofariki tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu asubuhi. Wiki ile ya mwisho alisema hamdai Mungu maelezo ya kifo cha mumewe, alitamani tu kujua ni kitu gani kilichomchelewesha siku ile.

Mdogo wake alikuwa ameketi kando ya kitanda, na akanyamaza. Anasema leo, mbele ya binti yao ambaye hajawahi kuyasikia haya: fundi alifika bandarini huko ng'ambo saa nzima kabla ya abiria wenzake wote, amenyoa ndevu, mfuko begani, akamkuta huyu anayesoma langoni, analia kwa kuwa hayumo orodhani, akidai mama yake mzazi yuko peke yake kisiwani, kumbe mama alikuwa na jirani, na yeye mwenyewe aliogopa tu kufia ugenini, basi fundi akampisha, akamwambia aseme kwamba amechelewa, kwa kuwa dada yake ataliamini hilo bila kuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi ya kifua, majirani waliopokezana kumpepea, na wafanyakazi wenzake wa gatini. Anayesoma anaomba msamaha kwa Mungu, na kwa binti, akiwa tayari kungoja.

Dada, pumzika. Mumeo aliwahi.