Mzee Mushagalusa Anatuaga, na Safari Hii ni Kweli

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, Mzee Mushagalusa, mpiga picha za mnato wa Kilima Filamu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Najua wengi mtasoma sentensi hiyo mkicheka. Tumeshamuaga mara mbili, keki zikakatwa, hotuba zikasomwa, na kesho yake tukamkuta kazini na shati lake jeusi, akiuliza tunaanza na tukio gani. Safari hii amekabidhi hata ufunguo wa kabati la kamera, kwa hiyo kuleni keki bila wasiwasi.

Kwa wasiojua kazi yake, picha za mnato ni zile mnazoziona kwenye mabango na magazetini kabla tamthilia haijaanza kuonyeshwa. Wenzake wa video wanafuata mwendo. Yeye anawinda ile nukta moja itakayomfanya mpita njia asimame mbele ya bango. Anaiwinda akiwa amejibanza mahali ambapo macho ya mwigizaji hayafiki, maana mwigizaji akigonganisha macho na mtu asiyekuwemo kwenye hadithi, tukio limeharibika. Ndiyo sababu ya shati jeusi, ambalo kwa kweli ni mashati mengi yanayofanana.

Alitoka Bukavu, akaanza maisha ya Kampala kwa kupiga picha za harusi na za paspoti kando ya duka la vitenge la mkewe, Mama Nabintu, pale Nakivubo. Kampuni ilimwita kwa kibarua cha siku moja, kupiga picha ya bango moja tu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kibarua kimekwisha, naye hakuuliza.

Mimi Oloya ni fundi wa sauti, kwa hiyo nilikuwa adui yake halali. Kamera za siku zile zilikuwa na mlio. Mwigizaji anakata roho kwa kunong'ona, mimi nimebana pumzi na vipokea sauti masikioni, mara kacha! Nilimtoa nje mara nyingi, na hakuninunia hata siku moja. Alikwenda kwa fundi cherehani, akashonewa mfuko wa sponji ya godoro uliovalishwa kitenge, kamera ikakaa ndani na kutoa jicho tu. Tulipokuwa tukirekodi kwenye nyumba moja ya Kibuli, mlinzi alimwona ameupakata, akampisha kivulini na kumuuliza mtoto ana miezi mingapi. Tangu hapo kamera inaitwa Mtoto. Kamera za sasa hazina mlio kabisa, lakini jina limebaki.

Alikuwa pia na desturi aliyoianzisha mwenyewe. Kila jioni waigizaji waliangalia picha zao, na picha ambayo mwenyewe ameikataa ilifutwa mbele yake, bila ubishi. Siku moja Bi. Nangila, aliyeigiza mjane kwa misimu minne, alikataa picha ambayo sisi wote tuliona ni bora kuliko zote za mwaka ule. Alisema pale hakuwa akiigiza, alikuwa akilia kweli. Mzee akaifuta. Aliomboleza wiki nzima, hata chai alikunywa bila sukari, lakini hakumlaumu. Bi. Nangila tangu siku ile hakuwahi kumwogopa, na nadhani uso wake kwenye mabango yetu ulionyesha hivyo.

Sasa nieleze zile keki mbili. Miaka miwili iliyopita uongozi uliamua kwamba nafasi ya mpiga picha za mnato ingefungwa Mzee akistaafu, na picha za mabango zingekatwa kutoka kwenye video. Mzee alilisikia jambo hili kwenye hafla yake mwenyewe ya kuagwa, sahani ikiwa mkononi. Akasimama, akashukuru vizuri, kisha akasema, "Nitaenda siku mutaniletea mutu wa kukaa fasi yangu. Kama hakuna mutu, niko hapa." Watu wakapiga makofi wakidhani ni mzaha. Mimi nilikaa karibu naye, na nilimwona akiirudisha sahani mezani bila kuionja keki. Kustaafu hakukumtisha. Kilichomuuma ni kwamba kazi aliyoipa umri wake ingezimwa siku ile ile anayotoka mlangoni, ikawa kama haikuwa kazi tangu mwanzo.

Uongozi ukampa likizo ya mwezi mmoja ili tujaribu kuishi bila yeye. Mwezi huo tulirekodi tukio la harusi Kabalagala kwa siku mbili. Bwana harusi alikuwa na bendeji mkononi. Siku ya pili hakuna aliyekumbuka ni mkono gani, na picha za Mzee tulizozoea kuzitazama ili kukumbuka ya jana hazikuwepo. Video ya jana ilikuwa imeshapelekwa kwa mhariri, na simu yake haikupatikana. Tukapiga kura. Ndiyo, watu wazima wenye vyeti, tukapiga kura, na mkono wa kulia ukashinda. Bwana harusi akaingia kanisani ameumia kushoto, akatoka ameumia kulia. Watazamaji walituandikia kuuliza ni mchungaji gani huyo anayehamisha majeraha badala ya kuyaponya.

Mzee akarudishwa, lakini nafasi yake bado haikuwa na mrithi. Hapo ndipo Akeyo, dada yetu wa mavazi kutoka Kisumu, alipoomba kufundishwa. Yeye ndiye aliyezikosa zile picha kuliko wote, maana kila asubuhi alizitazama kujua kifungo kilikuwa wazi au kimefungwa. Uongozi ukafurahi, ukaandaa keki ya pili, ukatangaza kwamba Akeyo atashika mavazi na kamera pamoja. Mzee akarudi kazini kesho yake. Alisema mkono wenye pasi hauwezi kushika Mtoto. Mama Nabintu alifika ofisini akiwa amekasirika kweli: "Mulikula keki, kisha mukarudisha bwana yangu ku kazi! Ile ya tatu sitakuja kuiona." Tunafurahi kwamba amebadili mawazo.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya ajabu. Majuma ya kwanza Akeyo hakugusa kamera. Aliketishwa karibu yangu, amevaa vipokea sauti, macho amefumba, ajifunze kwa masikio tukio linapanda wapi na linatulia wapi. "Mzee, nimekuja kusoma picha ama redio?" alilalamika. Mzee akacheka tu. Leo binti huyo anajua pumzi za kila mwigizaji wetu. Mwezi wa nane mwaka huu uongozi, na hapa naupongeza bila kinyongo, ulimwajiri kama mpiga picha za mnato na kumtafutia mtu mwingine wa mavazi.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunarekodi kwenye ua wa nyumba moja, jua likienda kuzama. Tukio likikubaliwa, msaidizi wa mwongozaji, Okullo, huwaomba waigizaji wabaki walipo kwa dakika moja, kisha humwita mpiga picha. Safari hii aliita, "Kila mtu abaki hapo hapo! Akeyo, ingia haraka, jua inaenda!" Mzee alikuwa ameshainuka nusu. Akaketi tena, akafunika uso kwa viganja na kulia, na alipoviondoa alikuwa anatabasamu. Akeyo hakugeuka kumtazama. Alikuwa kazini.

Mzee Mushagalusa, asante kwa kutufundisha kuheshimu uso wa mtu. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu wa asubuhi na miaka mingi ya raha wewe na Mama Nabintu. Wiki ijayo tunarekodi Nakivubo, hatua chache kutoka dukani kwenu. Ukisikia Okullo anaita mpiga picha, tafadhali, baki umekaa.