Aliyeliandika Duara Bila Kushuka

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi; waheshimiwa madiwani; mashehe wetu, mapadre na wachungaji; Mwalimu Raudha binti Abdulshakur; wazazi na wageni waalikwa; na ninyi wahitimu wa kwanza wa mafunzo haya ya uandishi wa hadithi, ambao mmelijaza jukwaa hili la Ibadakuli kwa majoho na tabasamu: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Ndugu Waislamu, Assalaam alaykum. Ndugu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Na wale mliotoka nami Geita alfajiri, mwadila.

Jina langu ni Mariana. Lakini ukifika Rwamgasa ukauliza Mariana utaonyeshwa wengi. Uliza Mama Sesilia, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wachimbaji, utaletwa mpaka mlangoni.

Nimeombwa niwaeleze wahitimu namna mwandishi anavyoyapata ya kuandika. Nilipopigiwa simu nilicheka, kwa sababu mimi sijawahi kuandika hadithi. Mimi niliandikiwa hadithi. Na kwa hadithi hiyo nilifukuzwa kazi, mume wangu akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni, na mwisho wake nikawa mwenye duara. Je, si haki yangu kusimama hapa?

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba nianze pale Raudha alipokuja kwetu. Wakati huo nilikuwa naponda mawe katika eneo la Mzee Masalu. Wanaume walishuka kwenye shimo, ambalo sisi tunaliita duara, wakapandisha mawe ndani ya mifuko. Sisi wanawake tukayaponda tukiwa mbali, nyuma ya uzio wa mabati. Tulikatazwa hata kulisogelea duara. Ilisemekana kwamba mwanamke akishuka, au akichungulia tu, dhahabu inakimbia. Nani alilianzisha jambo hilo? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Basi akaja binti wa mjini, amejitanda mtandio, viatu vyake bado vyeupe. Akasema baba yake anauza vitambaa Shinyanga, na yeye anaandika kitabu kuhusu kijana mchimbaji, na anaomba akae nasi ajifunze. Wenzangu walidhani ni mtu wa kodi. Mimi nilimpa nyundo. Akaponda mpaka viganja vikatoka malengelenge, akalala kwangu, akala ugali wangu na mlenda, na msimu mzima wa mvua ukapita hajatuuliza hata swali moja la maana. Nilipomuuliza kwa nini hatuhoji, alinijibu kwamba mtu anayehojiwa anasema anachodhani unataka kukisikia, lakini mtu anayeponda mawe na wewe anasema yake.

Wahitimu, liwekeni hilo moyoni.

Kulikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka na hakukipata. Alitaka kujua huko chini kukoje. Alimwomba Mzee Masalu ashuke, akakataliwa kabla hajamaliza sentensi. Alimuuliza mume wangu Onesmo, ambaye ameshuka maduarani tangu ujana wake, taa ikizimika kule chini mtu anajisikiaje. Onesmo akatafuna, akafikiri, akasema: "Giza tu." Akamuuliza tena siku nyingine, jibu likawa lile lile. Wanaume wote walimjibu hivyo. Walikuwa wanakuja juu na mawe, hawaji na maneno.

Raudha akarudi kwao Shinyanga. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, akatuletea nakala. Onesmo ndiye msomaji wa nyumba yetu, akawa anasomea watu pale kwenye banda la chai, kila jioni kidogo kidogo, na wachimbaji wakajaa kama wanaangalia mpira. Siku moja akafika mahali ambapo yule kijana wa kwenye kitabu anazimikiwa na taa, yuko peke yake chini. Kitabu kinasema kijana hajui kama amefumba macho au ameyafumbua. Kinasema anaita, na sauti haiendi popote, inaishia mdomoni kama imefunikwa na kiganja. Kinasema anaanza kusahau juu ni upande gani.

Onesmo akaacha kusoma. Mzee mmoja aliyewahi kufukiwa akainuka akaenda zake bila kuaga. Ndipo mume wangu akafunga kitabu, akanigeukia mbele za watu, akasema: "Mama Sesilia, huyu ulimshusha lini?"

Ndugu wageni waalikwa, mnaielewa hatari ya swali hilo? Miezi ile mawe ya Mzee Masalu yalikuwa yamekonda, watu wanatoka jasho na hawaoni kitu. Sasa wamepata sababu. Mwandishi ameingia duarani, na aliyemwingiza ni mwenyeji wake. Nikaapa kwamba sijamshusha. Nani angeniamini, wakati ushahidi umechapishwa na una jalada? Asubuhi yake nikakuta nyundo yangu imetupwa nje ya uzio. Wanawake niliozoea kuchota nao maji wakanipisha njia. Nyumbani, Onesmo hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alikuwa akiniangalia tu, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

Nikampigia Raudha simu. Nilitegemea aniambie pole. Hakuniambia pole, aliniambia anakuja.

Akaja, safari hii na baba yake, Mzee Abdulshakur, amevaa kanzu na kofia yake. Mzee Masalu akaitisha kikao pale pale machimboni. Watu walikuwa wengi na nyuso zimekunjamana. Mzee Masalu akaanza kumuuliza Raudha. "Katika duara langu, watu wanashuka kwa kitu gani?" Raudha akasema kwa ngazi. Kicheko kikapita, maana kwetu hakuna ngazi, watu wanashuka kwa kamba huku miguu ikikanyaga matimba, ile miti inayozuia kuta zisianguke. Akaulizwa huko chini anageukia wapi. Akasema hajui. Mzee Masalu akasema huyu anajifanya.

Hapo Raudha akawaeleza alikolitoa lile giza. Alipokuwa mdogo alijificha katika stoo ya baba yake, katikati ya majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini. Majora yakaporomoka yakamfunika. Ilikuwa Ijumaa, duka limefungwa, wanaume wameenda msikitini. Aliita, na vitambaa vikameza sauti yake. Alifumbua macho na hakukuwa na tofauti. Vumbi la pamba likamjaa kooni. Alisema, alipoona wachimbaji hawana maneno ya kumpa, alirudi Shinyanga akaingia tena katika stoo ile, mtu mzima, akafunga mlango, akakaa mpaka akakumbuka. Mzee Abdulshakur akasimama akathibitisha kwamba yeye ndiye aliyemchomoa mtoto, na kwamba mpaka leo hapendi kuizungumza siku hiyo.

Bado wapo waliotikisa kichwa. Ndipo Onesmo wangu akainuka. Mume wangu si mtu wa vikao. Mnamwona pale safu ya pili, sasa hivi anatazama viatu vyake. Akafungua kitabu, akatafuta ukurasa, akawasomea mahali ambapo kijana analamba midomo iliyokauka kwa vumbi. Akakifunga. Akasema: "Duara letu lina maji ya magotini kiangazi na masika. Nani kati yetu amewahi kula vumbi kule chini?"

Akaendelea: "Tulichokitambua humu si duara letu. Ni woga wetu. Huo hata mtoto wa muuza vitambaa anao." Kisha akaniangalia, na safari hii aliniona mimi. Akaniomba radhi mbele ya kikao kizima. Wanawake wenzangu, mnajua mwanaume wa Kisukuma kuomba radhi hadharani ni kazi ya namna gani. Naomba tumpigie makofi.

Asanteni. Kikao kilikuwa kinaelekea kuvunjika, watu wameridhika, nyundo yangu imerudishwa. Na mimi ningeweza kuichukua, nikashukuru, nikaenda zangu kuponda. Lakini nilikuwa nimekaa siku nyingi na lile jambo kifuani. Nikaomba kusema. Nikamuuliza mwenye duara: "Mzee Masalu, tumekubaliana kwamba hakuna mwanamke aliyeshuka. Na dhahabu imepungua. Sasa imemkimbia nani?"

Waheshimiwa, Mzee Masalu akavua kofia, akajikuna, akavaa kofia. Akaniuliza ninataka nini. Nikamwambia nataka kushuka.

Nami nitasema haki yake, kwa sababu yumo ukumbini, amekuja kwa gari lake mwenyewe na amekaa mbele. Mtu mwingine angepiga meza. Yeye alisema kama mawe yamekonda bila mwanamke, hana cha kupoteza akimjaribu mwanamke. Halikuwa jibu tamu, lakini lilikuwa la kweli, na alilitimiza.

Nikashuka na Onesmo. Nilining'inia kwenye kamba, miguu ikitafuta matimba. Tulipofika chini, maji yakanifika magotini. Onesmo akaniambia kila anayeanza lazima aonje giza akiwa na mwenzake, ili siku atakayolionja peke yake asichanganyikiwe. Akazima taa.

Wahitimu wangu, nisikilizeni hapa, maana hili ndilo nililoletwa kuwaambia. Giza likaja, na mimi nikalijua. Sikujua kama nimefumba macho au nimeyafumbua, nikakumbuka kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Nikaita jina la mwanangu, sauti ikaishia mdomoni, nikakumbuka kwamba yule kijana naye aliita, kisha akatulia, akashika ukuta, akahesabu pumzi zake mpaka akajua tena juu ni wapi. Nikashika ukuta. Nikatulia. Onesmo akaniuliza kama naogopa. Nikamjibu: "Nilishafika huku."

Niliyofika nayo huko ni hofu ya mtoto mmoja wa Shinyanga, ambayo mwenyewe angeweza kuificha maisha yake yote. Hakuificha. Aliichukua, akaichanganya na jasho alilolitoa kwenye mawe yetu, akampa kijana ambaye hajawahi kuzaliwa, na kijana huyo akanishika mkono. Kuna kazi gani ya mikono inayoweza kufanya hivyo?

Yaliyofuata mengi mnayajua. Walishuka wanawake wengine baada yangu. Tukaanzisha kikundi, tukaomba leseni yetu, tukaipata, na winchi yetu ya kwanza alituuzia Mzee Masalu. Mwaka huu mwamba wetu umefunguka, jiwe linang'aa hata kabla ya kupondwa, na hakuna dhahabu iliyokimbia. Na Raudha naye ametushukia: alikuja mwezi uliopita, akavaa buti, akashika kamba, akashuka duarani kwetu hadi chini kabisa. Alipopanda juu, matope mpaka kiunoni, alisema jambo moja tu, kwamba toleo la pili litakuwa na maji.

Basi nendeni, wahitimu. Nendeni Isaka mkakae na madereva wa malori, nendeni kwa wafugaji, nendeni hospitalini na sokoni, mkafanye kazi za watu mpaka watu wasahau kwamba mnaandika. Na pale watu watakapokosa maneno, msibuni kirahisi. Ingieni kwenye stoo zenu wenyewe, mfunge mlango.

Mheshimiwa mgeni rasmi, namshukuru Mungu, nawashukuru walioandaa mahafali haya, namshukuru Mzee Abdulshakur aliyemchomoa binti yule kwenye majora akiwa hai. Nawashukuru ninyi nyote mlionipa masikio yenu kwa muda wote huu. Wabeja sana. Sasa naomba niketi karibu na mume wangu.