Kisu cha Mama

Garini, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamke alifungua kifurushi cha gazeti na kutoa kisu kipya. Mzee aliyekaa naye, mwenye koti jeupe la buchani, akayagusa makali kwa kidole gumba bila kuombwa.

"Binti, hiki hakikati hata ndizi mbivu."

"Ndiyo maana nimekichagua, mzee wangu. Ni cha mama. Siku hizi mkono wake unatetemeka, na nyama ya nyumbani kwake hataki ikatwe na mtu mwingine."

"Basi umemnunulia jeraha. Kisu butu hulazimishwa, na kikilazimishwa huteleza kwenye mfupa kikaja vidoleni. Mchukulie chembamba, kikali." Akaongeza kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, methali niliyokuwa nikiisubiri tangu kituo kilichopita.

"Na hicho kikali kikimponyoka?"

"Pitia buchani kwangu, nikukatie vipande vidogo kabisa. Yeye atie sufuriani tu."

Mwanamke alikifunga kisu kwenye gazeti lake. "Nikimpelekea nyama iliyokatwa, atajua nimeuona mkono wake."

Gari likasimama. Kilikuwa kituo cha mzee, lakini ilibidi kondakta amwite mara mbili.