Uji wa Nthoki

Sogeeni, wanangu. Mutisya, kaa hapa miguuni, na wewe Nzilani niinulie mto, maana pumzi ni fupi na maneno ni marefu. Mlango msiufunge: mama yenu mdogo Nthoki, mjane wa ndugu yangu Kilonzo, yuko nje na kibuyu chake cha uji, nami nataka asikie.

Leo nina furaha, msinitazame hivyo. Tangu kifua kianze kunibana mmesema nimerogwa, mkasema ni Nthoki kwa ule ugomvi wa mpaka wa shamba la Mbooni, uji alioniletea mkaumwaga, na sasa mnataka kumpeleka Ukambani ale kiapo cha kithitu, kile kinachomuua mwongo. Nimelala humu Dandora nikiogopa kufa huku nyumba yangu ikiwaka. Lakini juzi daktari wa kifua alinieleza ugonjwa wangu, akanitua mzigo.

Kazi yangu ya Viwandani mnaijua, kuvalisha boila na mabomba ya mvuke ili joto lisitoke. Asbesto tuliikoroga kwa maji kama wasongao ugali, tukaipaka kwa mikono, na iliyokauka tukaikata kwa msumeno, vumbi jeupe mpaka kope, tukachekana kwamba tumeota mvi kabla ya wake zetu kutuchoka. Daktari anasema vumbi lile ni vijisindano visivyoonekana. Ukivivuta vinafika kwenye utando unaofunika mapafu na kukaa humo kimya miaka thelathini, hata zaidi, mpaka utando unageuka saratani na maji yanajaa kifuani. Inaitwa mesothelioma, nayo huwapata watu wachache. Si kifua kikuu, haiambukizi, kwa hiyo wajukuu waleteni niwashike. Dawa ya kuiondoa hakuna. Aliniambia bila kuzunguka, nikamshukuru.

Zedekiah wa Maragoli, niliyekoroga naye pipa moja, alikufa akihema hivi hivi, na Nthoki hakuwahi kumwona hata kwa mbali. Au alimroga kwa simu? Aliyeniua ni vumbi, wanangu, na vumbi haliapishwi. Kiapo hicho nakikataza. Mwenye kumgusa mama huyu amenigusa mimi kaburini.

Ploti hii ni yenu wawili. Vyumba vya mbele vya Mutisya, vya nyuma vya Nzilani. Mpaka wa Mbooni urudi kwenye mikonge aliyoipanda Kilonzo. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na mimi nilishika ugomvi, jembe likaota kutu.

Ile ovaroli sandukuni, Mutisya, najua unaitamani kwa ukumbusho. Usiivae wala usiikung'ute. Iloweshe, uifunge kwenye nailoni, uifukie mbali na watoto. Nzilani mama, wewe ndiye uliyenikung'utia na kunifulia tangu ukiwa mdogo. Nenda ukapimwe kifua, umweleze daktari hivyo hivyo. Usiogope, lakini usikawie.

Sasa... sauti inakwisha. Wazee wa kwetu hubariki kwa mate, nanyi mnajua, na kinywa changu kimekauka. Nthoki, ingia, mke wa ndugu yangu. Mpisheni. Ninyweshe wewe, kwa mkono wako. Polepole...

Wa wimbi. Mtamu.

Mmeniona nikimeza? Haya, leteni viganja. Thuu. Mkae pamoja... mle pamoja. Thuu. Mutisya, usiufute mkono; baraka yako imetoka kwenye kibuyu chake.

Nthoki... na wewe, lete kiganja.