Siku Niliyomtafsiria Baba Habari ya Sindano

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, mwaka 1974, saa tatu na nusu asubuhi, katika hospitali moja mjini Kisii, daktari alinigeukia akaniambia, "Wewe msichana wa sekondari, mweleze mzee wako." Hapo ndipo shida yangu ilipoanza.

Ndugu zangu wa kanisa, mnisamehe nikisoma. Nimeandika kwa sababu nikisimama mbele ya watu mdomo hunikauka. Sitataja jina la mtu, ingawa mnajua mimi ni wa nani.

Baba alikuwa akienda haja ndogo kila mara, na mkojo unatoka kwa matone. Alivumilia hivyo tangu tupande mahindi. Daktari alipompima alikuta tezi dume, ile iliyo chini ya kibofu cha mwanaume, imekuwa ngumu upande mmoja. Alitaka kutoa vipande vidogo kwa sindano vikapimwe Nairobi, ijulikane kama ni saratani. Sasa, Kiswahili cha baba ni cha kuuzia ng'ombe sokoni Keroka. Mhudumu wa kiume aliyezoea kutafsiri hakuwako, na daktari hakujua lugha yetu ya Ekegusii hata salamu.

Nawaambia ukweli, nilitaka kukimbia. Ensoni mnaijua, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mtoto. Kwetu msichana haingii chumba cha baba yake wala hamtazami akivua shati. Nitamwambiaje ataingizwa nini, na wapi? Baba naye, kwa maneno machache aliyoyashika, alikwisha kuvaa kofia. "Twende nyumbani," akasema. "Nitakufa na heshima yangu."

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anasema... ngoja kidogo, daktari."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Niligeuka nikatazama ukuta, baba nikampa mgongo. Na sikumwita baba. Nikasema kwa Ekegusii, "Daktari anasema mgonjwa atalala kwa ubavu wa kushoto, magoti ameyakunja kifuani."

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu: "Muulize daktari, mgonjwa huyo atafanywa nini?"

Basi tukaendelea hivyo, mimi na ukuta. Nikasema mgonjwa atasafishwa tumbo kwanza, atapewa dawa ya kuzuia vijidudu, na kama anameza aspirini aseme, maana damu yaweza kukataa kuganda. Daktari atapapasa tezi kwa kidole chenye glavu kupitia njia ya haja kubwa, na sindano itapita hapo hapo. Itauma kama kufinywa kwa nguvu, mara chache, kisha basi.

"Mwambie daktari mgonjwa alitahiriwa amesimama, na hakupepesa jicho."

Hilo nalo nilitafsiri! Daktari alicheka hata akaangusha kalamu.

Ikabaki habari ya damu. Nilifumba macho nikaisema yote: mkojo utakuwa na damu siku chache, choo pia, na hata mbegu za kiume zitabadilika rangi kwa majuma kadhaa. Asiogope. Lakini akishikwa na homa ya kutetemeka, au mkojo ukikataa kabisa, arudi siku ile ile.

"Mgonjwa amesikia," baba akasema. "Sindano iletwe."

Jumatano alasiri, siku mbili baada ya sindano, tukiwa nyumbani, baba alianza kutetemeka juani. Baba mdogo akasema, "Hiyo ni malaria tu. Mpeni kwinini alale."

"Si malaria," nikasema.

"Wewe mtoto, nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, baba mdogo. Lakini niliyeambiwa na daktari ni mimi. Mgonjwa arudi leo."

Mama alinitazama, akafunga leso kiunoni, akakimbia barabarani kusimamisha pikapu ya maziwa iliyotoka Nyansiongo. Hospitalini daktari alisema tungengoja Sabato ipite, tungembeba baba akiwa maiti. Alilazwa, akachomwa sindano, homa ikashuka.

Majibu yalipokuja hayakuwa saratani. Ingekuwa saratani, tungeanza kupigana nayo mapema. Tezi ilikuwa imevimba, akapasuliwa baadaye. Mengine muulizeni mwenyewe, yuko benchi la nyuma.

Namshukuru mama, dereva wa pikapu, daktari na wauguzi. Na nyinyi mlioleta uji wodini, asanteni sana. Akina baba, msiende peke yenu. Akina mama na watoto, sikilizeni kila neno la daktari, na msipoelewa ulizeni tena. Mkiona aibu, tazameni ukuta, lakini semeni.

Kesho yake baada ya baba kurudi kutoka kupasuliwa, nilikuwa nachuma chai asubuhi. Akaja akasimama mstari wa pili, macho kwenye majani. "Kuna wazee kanisani wanaumwa kama yule mgonjwa," akasema. "Wanajificha. Nani atawaambia?"

Nilitua kikapu, nikanawa miguu mtoni, nikaenda kwa mzee wa kanisa kuomba nafasi hii ya kusoma mbele yenu.