Mtunza Stoo na Mablanketi ya Dharura

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika ofisi yetu ya wanyamapori, mtunza stoo wetu, maarufu kwa jina la Bwana Saini, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30.

Jina hilo alilitolea jasho. Kwake hata pini haikutoka bila saini tatu. Mpokea simu wetu aliomba balbu akiwa mchumba wa mtu, akaipata akiwa mama wa watoto wawili. Wakuu walimpenda kupindukia, wakamtangaza mfanyakazi bora mara sita.

Ikaja dhoruba ya mwaka juzi. Tulipofika asubuhi, korido ilikuwa imejaa: korongo waliovunjika mbawa, bundi aliyelowa chapachapa, komba wachanga walioanguka pamoja na mti wao. Majirani walizidi kuwaleta kwenye ndoo na mabeseni. Daktari wa wanyama akasema wazi kuwa baridi itawaua kabla ya majeraha. Mablanketi tulikuwa nayo sitini, mapya, yamehifadhiwa miaka minane kwa ajili ya dharura. Ila kwa utaratibu wetu, dharura haijawa dharura mpaka mkurugenzi aitangaze kwa barua, na mkurugenzi alikuwa safarini, kwenye semina ya kujiandaa na dhoruba.

Daktari alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Bwana Saini akamjibu kwa upole kwamba bila barua, mikono yake imefungwa. Wakati wanabishana, komba mmoja mchanga, mdogo kama ngumi, akakata roho juu ya kaunta, mbele ya macho yao.

Mzee wetu akafungua stoo, akayatoa mablanketi yote bila kudai saini ya mtu, akapiga magoti koridoni hadi jioni akiwafunika mmoja mmoja na kuwaita wajukuu zake. Mimi niliyeshika beseni nililia, na sioni haya kusema.

Hamsini na watatu walipona. Mkurugenzi alirudi siku ya nne, akapigwa picha na bundi, akapewa tuzo ya kuchukua hatua za haraka. Bwana Saini alipewa barua ya onyo. Hiyo haikuchelewa, ilitoka ndani ya saa moja, na saini zake zote.

Mzee wetu, nenda kapumzike, ule ushibe, ulale bila funguo kiunoni. Maisha yako yawe mema na marefu. Ofisi inakushukuru kwa miaka yote uliyotii. Sisi wenzako tunakushukuru kwa siku ile moja uliyokaidi.