Wino Mweupe Umefungiwa Ghorofa ya Pili

Risala ya wachapaji wa Jengo la Champaklal, Gerezani, siku ya kuzindua vizimamoto

Mgeni rasmi, mama mwenye jengo letu, Bi. Kusum Champaklal, msimamizi wa jengo, kaka Tarsis, mlinzi wetu Polycarp uliyesimama getini, majirani wa maduka ya spea, na nyie wapita njia mliosimama mkidhani kuna vya bure: shikamooni wakubwa, mambo wadogo.

KUKUKARIBISHA

Mama, pole na safari. Tunajua umeshuka uwanja wa ndege jana jioni, umetoka kwenye harusi ya mjukuu wako, na leo umekuja hapa hata kabla ya kupita ofisini kwako Posta. Tunashukuru. Utaona mabango ya kukukaribisha ni mengi kuliko kuta. Ndiyo shida ya kualikwa na wachapaji. Tulikubaliana tuchape moja, halafu kila mtu akaenda kuchapa lake kimyakimya ili lake ndilo litundikwe. Hilo la kushoto umetoka mwekundu kama umekasirika. Mwenyewe anaomba tuseme ni wino wa kupima, ule unaouzwa kwa vidumu, hakukukusudia.

Leo tunazindua vizimamoto na kengele ya moto. Vizimamoto vimefungwa ukutani. Kengele tumeijaribu, muuza kahawa wa hapo nje akakimbia akaacha birika. Kwa upande huo hatuna la kuongeza. Sehemu kubwa ya risala hii inahusu fremu moja ya duka, ya mwenzetu Hamdiya binti Hamud, ghorofa ya pili, ambayo hadi tunaposoma hapa ina kufuli la jengo. Ndani kuna mashine yake. Mashine hiyo ikikaa imezimwa muda mrefu, inakufa. Ndiyo maana msomaji wetu leo anasoma kama mtangazaji wa mpira.

TULIKOTOKA

Wakongwe wa jengo wanamkumbuka Mzee Hamud, baba yake Hamdiya, pale chini palipo na duka la betri sasa hivi. Alikuwa anachapa kadi za harusi. Karatasi nzito, maandishi ya dhahabu, na kabla hajakukabidhi boksi anazifukiza udi. Mtu akipokea kadi ya Mzee Hamud alijua hii harusi ina pilau ya uhakika.

Halafu watu wakaanza kualikana kwa simu. Picha ya kadi inarushwa kwenye grupu, ukoo mzima umealikwa kabla chai haijapoa. Mteja wa mwisho wa mzee alikuwa kijana mmoja mstaarabu sana. Alichagua sampuli, akaisifia, akatoa simu, akaipiga picha, akaaga. Mzee alimwangalia mpaka akapotea kwenye kona, akamgeukia binti yake: "Hamdiya, huyu kaondoka na kadi. Mimi kaniachia karatasi."

Hamdiya hakulia wala hakucheka. Alianza kuzunguka Kariakoo kuangalia nini kinachapwa, na nani anachapisha.

Aliyoyaona ndiyo historia yetu sote. Kwenye mabango, kila aliyepata kamtaji aliagiza mashine kutoka China. Mashine zikajaa, bei ya mita ikashuka, ikaendelea kushuka, mpaka wenye mashine wakawa kama vibarua wa mashine zao wenyewe. Kwenye fulana, tulikuwa tunachapa kwa vibao vya mbao vilivyowambwa kitambaa, rangi moja moja, na mteja lazima achukue mzigo. Ila mteja wa siku hizi hataki mzigo. Anataka fulana moja, ina sura ya mwanawe anayetimiza mwaka, rangi zote, na anaitaka leo saa kumi jioni kwa sababu keki iko njiani.

Hamdiya akanunua mashine ya DTF. Kwa wapita njia: hiyo inachapa picha kwenye plastiki, inamwagiwa unga wa gundi, halafu inabandikwa kwenye fulana kwa pasi ya moto. Ukitaka moja, unapata moja. Alikuwa wa kwanza kwenye jengo hili. Wengine tulimtania kwamba kaleta oveni ya mikate.

MAFANIKIO

Tuliacha kumtania haraka sana. Watu walianza kuvuka kutoka Kigamboni na fulana zao kwenye mifuko, wanashuka Magogoni wanakuja moja kwa moja kwake. Jezi za maveterani wa mpira wa hapa Gerezani ni kazi yake, na wale wazee namba zao mgongoni zimedumu kuliko pumzi zao. Sare za kitchen party ndiyo usiseme.

Siku moja alikuja mama mmoja, anauliza kwa wasiwasi mlangoni.

"Dada, eti mnachapa hata moja?"

"Tunachapa hata nusu, mama, kama unayo nusu ya fulana."

Yule mama alicheka, akaleta ya mumewe, baadaye akaleta za ofisi nzima. Soko lenyewe ndiyo limekuwa hivyo. Moja moja, za haraka, na mteja anakuja na picha yake tayari kwenye simu. Kati yetu wapo wanaotaka kununua mashine kama ya Hamdiya. Sasa hivi wamesimama kidogo, wanaangalia ule mlango wa ghorofa ya pili utaishaje.

WINO MWEUPE

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie, maana usipouelewa wino huu hutaelewa kwa nini binti wa watu anamwaga maji kwenye ngazi zako.

Fulana nyeusi haipokei rangi. Kwa hiyo mashine inaweka kwanza weupe, kama unavyopiga ukuta chokaa. Huo wino mweupe una unga mzito ndani. Ukiutuliza, unga unashuka chini na kuganda, sisi tunasema wino umelala. Mashine ina kimota cha kuukoroga muda wote, ila kinataka umeme. Na ile hedi, sehemu inayotema wino, ina matundu membamba kuliko unywele. Wino ukikaukia humo, umekwisha. Hedi haifufuki. Hamdiya anayo moja tu, mpya inaagizwa kutoka nje, na yeye hana pa kuegemea mpaka ifike. Akiipoteza hii anarudisha fremu.

Hizi mashine zetu za zamani zinalala kama kawaida, asubuhi unaziamsha, zinalalamika kidogo, zinafanya kazi. Ya Hamdiya hailali.

MENI SWICHI

Mama, ulipoona jengo la jirani linaungua uliagiza meni swichi, ile ya umeme wa jengo zima, izimwe kila jioni tukishafunga, na Jumapili kutwa nzima. Hatuupingi mpango huo. Ule moto tuliuona na sisi, kuna waliobeba mashine mgongoni siku ile na migongo haijarudi sawa. Kaka Tarsis anazima kwa saa, bila upendeleo, hata ukimwita ukiwa katikati ya kazi anakwambia, "Utamalizia kesho, ukiwa hai."

Kwa hiyo Hamdiya akatafuta njia. Alishuka hapo nje kwa watu wa spea, akanunua mota ya waipa ya gari, ile inayopeleka waipa huku na huku. Akaifunga kwenye kidumu kilichokatwa, akalaza chupa ya wino mweupe humo ndani, akaunganisha betri ya bodaboda. Chupa ikawa inabembea. Chini ya hedi akawa anaweka kitambaa kilicholowa dawa ya kusafishia, isikauke. Na akatundika kitaa chekundu, ili akichungulia kutoka kwenye ngazi ajue mota inatembea.

Kile kitaa ndicho kilichomchoma.

JUMAPILI

Jumapili iliyopita mchana Polycarp alikuwa anazunguka jengo, kimya kimetanda, akasikia kitu kinalia krii, krii ghorofa ya pili. Akapanda, akainama, akachungulia chini ya shata la mlango. Akampigia simu kaka Tarsis.

"Bosi, kuna kitu humu ndani kinajitikisa."

"Panya huyo."

"Panya gani ana taa nyekundu?"

Kaka Tarsis akaja na tai yake ya kanisani. Hamdiya akaitwa, akaja anakimbia kutoka kwao Mtaa wa Swahili, mikono ina unga wa chapati. Akafungua. Wote watatu wakasimama wakiangalia chupa inavyobembea.

"Dada, hii ni nini?"

"Wino, kaka."

"Kwa nini unacheza?"

"Ukilala haufai."

Polycarp alikuwa ameshaanza kurudi nyuma, yuko karibu na ngazi. "Mimi bomu siliogopi," alisema. "Naogopa chupa inayojitikisa yenyewe."

"Huu si umeme wa jengo," Hamdiya akasema. "Betri ya pikipiki tu, kaka Tarsis."

"Moto utauliza hiyo betri ni ya nani?"

Haya sisi tulihadithiwa baadaye. Agizo lako linasema chochote chenye umeme kikikutwa kinawaka baada ya kuzima, fremu inafungwa mpaka mwenye jengo aamue. Kaka Tarsis alimruhusu alowanishe kitambaa cha chini ya hedi kwa mara ya mwisho, akasimama naye mpaka akamaliza, halafu akakata waya wa betri na kufunga. Kijana wako Keyur, anayekushikia ofisi, alipigiwa simu. Akasema mama yuko kwenye shughuli za harusi, hapokei simu, na kufuli hilo ni la mama, yeye haligusi.

Kitambaa kile kinamudu siku moja. Ukibahatika, mbili. Leo ni Alhamisi.

HALI ILIVYO SASA

Hamdiya anakuja kila asubuhi saa zake zilezile. Anakaa kwenye ngazi nje ya fremu yake na kuwapokea wateja hapohapo. Wenye haraka anawapeleka kwetu, wasio na haraka anawaambia warudi wiki ijayo, na anawaambia kwa uso mkavu mpaka unaweza ukaamini kwamba wiki ijayo ipo.

Joto unalijua, mama. Fremu ikifungwa mchana inakuwa jiko, na hedi inakauka haraka zaidi. Sisi wachapaji hewa ikiwa kavu tunamwagia sakafu maji, chumba kipate unyevu. Kwa hiyo anamwaga ndoo ya maji chini ya shata, asubuhi na mchana, yaingie ndani kidogo kidogo. Yale yanayodondoka kwenye ngazi si bomba limepasuka. Anayembebea ndoo kutoka bombani ni Polycarp. Hakuna aliyemtuma. Kaka Tarsis anapita pale, anaona, anaangalia saa yake, anaenda zake.

Jana mmoja wetu alimuuliza, "Hamdiya, unadhani bado ipo hai?"

"Sijui," akasema. "Nikifungua ndiyo nitajua. Wewe nipishe, unakanyaga maji."

MAOMBI

La kwanza ni kufunguliwa fremu. Ametutuma tuseme kwamba kwa ile betri hakuomba ruhusa. Alijua akiomba atakataliwa, ndiyo maana hakuomba, na kwa hilo atapokea adhabu yoyote utakayoona inafaa. Anachoomba ni adhabu hiyo ianze baada ya kusafisha hedi.

La pili ni laini moja ndogo ya umeme isiyozimwa usiku wala Jumapili, kwa ajili ya kukorogea wino mweupe tu. Fundi umeme Theopista ameshaliangalia jengo. Anasema inaweza kuwa na swichi yake peke yake, ndani ya boksi la chuma, pembeni ya kiti cha Polycarp, chini ya kengele hii mpya. Ikileta matata kidogo inajikata yenyewe, na isipojikata Polycarp ataikata, maana tumeshaona kwamba hapitwi na kitu. Gharama ni zetu wachapaji. Ukisema hapana tutaelewa. Ila mashine kama ya Hamdiya ndiyo kazi inakoenda, na zitaenda kutafuta jengo lingine, na sisi nyuma yake.

Kulikuwa na ombi la tatu kuhusu choo cha ghorofa ya kwanza. Tumeliondoa ili tuwahi.

KUFUNGA

Mgeni rasmi, Mungu akupe afya, akuzidishie wajukuu, akulindie jengo hili lisione moshi, na akujalie wapangaji wanaolipa kwa wakati. Kwa hilo la mwisho na sisi tutajitahidi.

Kawaida risala ikiisha, mgeni rasmi anasimama hapa mbele anatujibu. Leo tunaomba ujibu ukiwa unapanda ngazi. Hamdiya hayupo kwenye viti, alitoka tulipofika kwenye habari za kitambaa. Yuko juu mlangoni, kashika bomba la sindano lenye dawa ya hedi, asikushtue. Ufunguo uko mfukoni mwa kaka Tarsis. Anasubiri neno lako, na ameshasimama.

Shika ukuta wa kulia, mama. Ngazi zina maji.

Ni sisi,
Umoja wa Wachapaji wa Jengo la Champaklal,
Gerezani, Dar es Salaam